Antivirusi ya bongo: usilipe, usikubali waformate haraka

Wandugu raia wa Kisangani, nyinyi wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, komini Kisangani, na nyinyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga,

Leo hatuongei juu ya barabara wala juu ya maji ya robine. Tunaongea juu ya ordinatere moja ya zamani, iko kwenye meza ya mama mmoja wa Mangobo, karibu na televizyo, imefunikwa na kitambaa cha krosheti. Kwa macho ni kitu kidogo. Lakini ndani yake mulikuwa orodha ya familia zilizokimbia Lubunga tangu vita ya Wambole na Walengola ilipolipuka mwaka 2023. Mama huyu pamoja na wenzake walikuwa wanaandika: jina la mkubwa wa nyumba, watoto wangapi, analala kwa nani, alishapata bashi ao bado. Kurasa kumi na moja. Hakuna ofisi yoyote ya serikali ya hapa kwetu iliyotuonyesha orodha iliyo wazi kama ile.

Siku moja ordinatere ikaanza kupiga kelele. Dirisha jekundu lenye picha ya ngao likatokea katikati ya ekra, likaandika kwa Kifaransa kibovu kwamba mashini iko na "menaces 847" na kwamba data zote zitapotea kama hafinyi "Nettoyer maintenant". Mama akafinya. Nani kati yetu hangefinya? Ile programu ikakimbiza mustari wa kijani, dakika mbili tu, halafu ikaomba namba ya karte ya benki. Mama hana karte ya benki. Wengi wetu hatuna. Kwa hiyo dirisha likaendelea kurudi, kila dakika kumi, mchana na usiku, na alipofungua "Mes documents" akakuta pako patupu. Kurasa kumi na moja, hakuna.

Kijana wake akabeba mashini kwa fundi mmoja. Fundi akaangalia sekunde chache, akasema: "Virusi vilishakula yote, mama. Lazima tuformate. Dola ishirini na tano, kesho unapata." Mama akamuuliza kama mafaili yatabaki. Fundi akacheka. Hapo ndipo mama akakataa kuacha mashini, akapanda toleka akiipakata kwa magoti kama mtoto mgonjwa, akatukuta kwenye mkutano wetu wa Jumamosi.

Tuseme wazi sisi ni nani katika jambo hili. Kati yetu kuko mwenye diplome ya informatique ya gestion, kuko wa droit, kuko wa agronomia, na wote tuko tunangoja kazi. Hatuko mafundi wa hali ya juu. Lakini muda tuko nao, tena mwingi kuliko tungependa, na tulikaa na ile mashini siku mbili. Tunaandika hapa tulichofanya, juu tumeisha kujua kwamba mama huyu hako peke yake. Tangu tuanze kuuliza kwenye avenue zetu, karibu kila penye ordinatere mtu anatuambia: "Hata kwetu hiyo ngao nyekundu ilipitaka."

Kwanza mujue hii kitu ni nini. Virusi kweli viko, hatukatai. Ila hii inajiita dawa ya virusi na haitibu kitu. Zile "menaces 847" hazipo. Ni namba iliyoandikwa tangu siku programu ilipotengenezwa. Alama moja inatosha kuitambua: antivirusi ya kweli haiwezi kupitia diski yote ya mashini ya zamani kwa dakika mbili. Ile ya kweli inachoka, inachukua saa nzima ao zaidi, mpaka umeme unakatika katikati na unaanza upya. Ikimaliza haraka sana na kukuta maovu mengi sana, ujue ni mwigizaji. Na kama chini ya maovu kuko kifungo cha kulipa, basi umeshajua tamthilia inaelekea wapi.

Kazi hii haikuzaliwa Kisangani. Mwezi wa Desemba 2008, FTC, ndiyo tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, ilishtaki kampuni moja iitwayo Innovative Marketing, iliyoandikishwa Belize na yenye ofisi Kyiv, Ukraine. Walikuwa wanauza programu za majina kama WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner na XP Antivirus. Walikuwa wananunua nafasi za matangazo kwenye saiti za kawaida, saiti ambazo mtu anaziamini, halafu tangazo linageuka "uchunguzi" wa mashini yako. Zaidi ya watu milioni moja walinunua, wakilipa dola 39.95 ao kupita hapo, kwa kutibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Mwaka 2012 korti ya Marekani ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163 juu ya mmoja wa wakubwa wa ile biashara. Watu wenye elimu, wenye intaneti ya haraka, wenye polisi wa mtandao, nao walidanganywa. Kwa hiyo mama wa Mangobo asione haya.

Lakini kuko tofauti moja kati ya kule na hapa, na ndiyo inatuuma. Kule mwongo anakula makuta mwenyewe kupitia karte. Hapa hawezi, juu karte hatuna. Yeye anatia woga tu, na woga ule unavunwa na mwingine, wa hapa hapa, kwa dola ishirini na tano, pamoja na mafaili yako. Hatusemi mafundi wote ni wezi. Tunawajua wengi, ni wenzetu, wanakaa juani siku nzima na kipande cha meza na waya ya kulehemu. Wengine wanaformate kwa sababu ni njia pekee waliyofundishwa: mashini inaingia mbaya, inatoka nzuri, mteja analipa. Ila mtu anayesema "yote imekwisha kuliwa" bila hata kufungua diski, huyo anauza bongo ileile, ni bei tu imegeuka.

Sasa kazi yenyewe.

Jambo la kwanza hatukugusa ile antivirusi. Tulitafuta kwanza mafaili. Tulikuwa na flashi yenye Ubuntu, ni mfumo wa bure unaoweza kuamsha ordinatere bila kupitia Windows. Mashini inapowaka unafinya kifungo cha kuchagua wapi iamkie, mara nyingi F12, F9 ao Esc, inategemea aina, halafu unachagua flashi, na pale Ubuntu inapouliza unasema unataka kujaribu tu, si kuinstale. Hapo tukuwe wazi: ukikosea ukachagua kuinstale, utafuta diski wewe mwenyewe, bila kusaidiwa na virusi yoyote. Tukafungua diski ya mama. Orodha ilikuwa pale, kurasa zote kumi na moja, na picha za harusi ya mtoto wake wa kwanza, na memware ya kijana. Hakuna kilicholiwa. Ile programu ilikuwa imeficha tu, imeweka alama ya "fichwa" juu ya kila faili ili Windows isionyeshe na mama aamini kwamba diski inakufa. Hila hii ni ya zamani. Hata virusi vya flashi vinavyogeuza madosye yenu kuwa raccourcis, vile vinavyozunguka kwenye visekreteria vyote karibu na fakilte, vinafanya hivyo hivyo.

Mama alipoona majina yale kwenye ekra alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama anaweza kuongeza familia mbili zilizofika juzi. Tukamwambia: mama, ngoja kwanza.

Tukakopia yote kwenye flashi safi. Ndipo tukarudi kwenye Windows, na intaneti imekatwa. Mashini yake ni Windows 7, kwa hiyo tuliiwasha huku tunafinya F8 mara nyingi kabla alama ya Windows haijatokea, tukachagua "Mode sans échec". Ni namna ya kuamsha mashini na vitu vya lazima tu, na mara nyingi ile ya bongo haiamki nayo. Kwa wenye Windows 10 ao 11 njia ni nyingine: munashika kifungo cha Maj huku munaklike "Redémarrer", halafu "Dépannage", "Options avancées", "Paramètres", tena "Redémarrer", na mwishoni munafinya 4.

Kisha "Panneau de configuration", "Programmes et fonctionnalités". Panga orodha kwa tarehe ya kuinstale. Angalia siku matatizo yalipoanza. Ya mama ilikuwa pale na jina lake zuri la kizungu lenye "Security" na "Pro", imeingia siku moja, saa moja na kitu kinachojiita "codec" ya kuonyesha filme. Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa ametafuta filme, saiti ikamwambia hawezi kuiona bila ile codec. Hatukumpiga mawe. Nusu yetu tulishafanya hivyo tukiwa kampasi.

Tulipofinya "Désinstaller", ile programu ikajibu kwamba ili itoke lazima kwanza tulipe lisansi. Tulicheka sana. Mgeni asiyealikwa anaomba nauli ya kurudi! Kwa hiyo tukaenda kwenye "msconfig", sehemu ya "Démarrage", tukatoa alama mbele ya jina lenye herufi zisizo na maana, tukasoma pale liliandikwa linatoka dosye gani. Ilikuwa ndani ya ProgramData, dosye ya herufi za ovyo. Tukaifuta. Kwenye Windows 10 na 11 orodha hiyo ya kuanza iko ndani ya "Gestionnaire des tâches", unaifungua kwa Ctrl, Maj na Esc pamoja. Hapa muwe na akili: musifute kitu kwa sababu jina lake ni geni tu. Angalieni tarehe, angalieni dosye, mukiwa na shaka uliza mtu.

Halafu tukapitisha Malwarebytes ya bure, toleo la zamani linalokubali Windows 7, tuliyoileta kwenye flashi. Ilichukua karibu saa mbili, na umeme ulikatika mara moja, tukaanza tena kwenye batri ya jirani mwenye panno ya jua. Ikakuta mabaki sita. Sita, si 847. Mwishoni tukaondoa ule ufichaji kwa kuandika ndani ya dirisha jeusi la "cmd" amri ya attrib yenye -h -s /s /d juu ya dosye ya mama, na madokima yakarudi moja moja machoni pake. Tukaangalia pia "Options Internet", "Connexions", "Paramètres réseau", juu programu za namna hii zinapenda kuweka proxy yao pale, na hata ukiisha kuzitoa unabaki bila intaneti na unadhani ni rezo. Kweli, alama ilikuwa imewekwa. Tukaitoa.

Dola ngapi? Zero. Siku mbili, na bonga moja ya muhogo aliyotulisha mama, na mafuta kidogo.

Kwa wenye Windows 10 ao 11 kuko njia fupi ambayo wengi hawaijui, na inatukasirisha kuona watu wanalipia antivirusi ya kukrake wakati ya kweli wanayo tayari. Tangu Windows 8, Microsoft Defender iko ndani ya mashini, ya bure. Ndani ya "Sécurité Windows", "Protection contre les virus et menaces", "Options d'analyse", kuko uchunguzi uitwao "hors ligne". Mashini inazimika, inawaka, inachunguza kabla Windows haijaamka, karibu dakika kumi na tano. Na juu ya mega: faili la kuipa Defender habari mpya linaweza kushushwa mara moja kwenye saiti ya Microsoft, linaitwa mpam-fe.exe, na kubebwa kwa flashi nyumba kwa nyumba. Ni kubwa, lakini mtu mmoja akilishusha, avenue nzima inakula. Mujue pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 7 ilishafungwa tangu Januari 2020. Hatusemi mutupe mashini zenu, nani ana makuta ya kununua mpya? Tunasema tu mashini hizo msizitumie kuweka namba za siri za makuta ya simu.

Kuko na aina ingine, nyepesi, ambayo siku hizi ndiyo inazunguka zaidi. Haikuinstale kitu. Ulikuwa kwenye saiti, ikakuuliza kama unaruhusu "notifications", ukafinya "Autoriser" ili uendelee. Tangu siku hiyo pembeni ya ekra vinatokea vikaratasi: "Votre PC est infecté". Ile si virusi hata kidogo. Ingia Chrome, "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Paramètres des sites", "Notifications", na utoe kila saiti usiyoijua. Dakika mbili. Na kama ukurasa wenyewe umejaa ekra yote na unapiga sireni, usifinye hata alama ya X iliyochorwa ndani yake, juu hata hiyo X ni kifungo chao. Finya Alt na F4. Ikikataa, fungua "Gestionnaire des tâches" na uue Chrome, na ikirudi usikubali irudishe kurasa za mwanzo. Hii peke yake tumeshaona watu wanailipia dola kumi.

Na kama kweli ulishaweka namba ya karte, usione haya kimyakimya: piga benki leo, wafunge karte ile, halafu ugeuze namba za siri zako ukiwa kwenye mashini ingine.

Sasa tugeukie wakubwa. Nchi hii iko na Code du numérique, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuko sehemu nzima juu ya uhalifu wa mifumo ya informatique. Wenzetu wa droit waliisoma. Ni maandishi mazuri, kwa Kifaransa kirefu. Mama wa Mangobo aliyetishwa na dirisha jekundu aende wapi nayo? Kwa nani? Tuliuliza mahali patatu, na mara tatu tukatumwa pengine. Tunaomba mkuu wa jimbo na wanaohusika na numeriki waseme kwenye radio, kwa Kiswahili na kwa Lingala, ni ofisi gani inapokea mashitaka ya namna hii hapa Kisangani, na siku gani iko wazi. Hatuombi senta ya kisasa yenye vioo. Tunaomba mlango mmoja na mtu ndani yake.

Tunaomba pia vyuo vyetu vinavyofundisha informatique. Kila mwaka vijana wanatafuta staje na wanakosa, wanaishia kununua karatasi ya staje. Wapelekeni kwenye makartye, chini ya mwalimu wao, wasafishe mashini za bamama na za shule. Watajifunza kuliko kwenye ubao.

Na mafundi, wandugu zetu: kabla ya kuformate, mukopie. Mwambieni mteja bei mbele yake, na aandike kwenye karatasi kama anakubali mafaili yafutwe. Tuko tayari kumpa kila fundi anayetaka ile flashi ya Ubuntu, bure. Wawili wameshakuja kuichukua, na mmoja wao, tunaamini munamkisia, ni yule yule wa dola ishirini na tano. Alisema hakuna aliyemuonyesha kabla.

Jumamosi tutakaa pale pale kwenye mkutano wetu, kuanzia saa tatu ya asubuhi. Mwenye ordinatere mgonjwa alete pamoja na waya yake ya umeme, juu batri nyingi zimekufa, na flashi tupu ya kukopia. Asilete kwanza kwa mwingine. Mukiweza, pigeni picha ya lile dirisha jekundu na simu mukiliona, tunakusanya ili watu walijue sura.

Orodha ya mama iko sasa kwenye flashi mbili, moja kwake na moja kwa mwenzake wa avenue ya pili, na tumeichapa kwenye karatasi. Ina kurasa kumi na mbili.